Yeyote Mwenye Linki

9 Februari

Wifi yangu,

Salamu zangu leo utazipata mwishoni, kama nitakuwa bado nina pumzi. Kwanza niambie albamu imepatwa na nini.

Jumapili nilitoka kazini mapema. Nikanawa mikono vizuri kama mtu anayekwenda kula, nikakaa kitandani, nikafungua simu nimwone mwanangu. Badala ya Nukta nikakuta maandishi: "Huna ruhusa ya kuona albamu hii." Nikasema nimekosea neno la siri. Nikaliandika upya herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Yakaja yaleyale. Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya chai nafungua nione kama mmerudi, na kila asubuhi naambiwa sina ruhusa.

Simu yangu hupokei. Ndiyo maana nimeandika barua na kuiweka kwenye kifurushi hiki, chini ya soksi zake, ili usiweze kusema hujaiona.

Unajua ninavyomshonea. Huku chumba cha kushonea cha hospitali nashona mashuka yaliyochanika na makoti ya madaktari, vipimo vyote vimeandikwa ukutani. Nukta sina kipimo chake kingine isipokuwa picha zako. Nakuomba kila mara umsimamishe kwenye mlango wa jikoni kwa sababu lile komeo nalijua. Lilikuwa likinigusa hapa juu ya nyonga nikipita na sufuria. Nikiona kichwa chake kimepita komeo kwa kiasi gani, najua nikate wapi. Hajawahi kukosa nguo kwa sababu mama yake yuko mbali, na wewe ni shahidi.

Mwezi wa kumi na moja anamaliza shule ya msingi. Nimeshanunua kitambaa cha gauni la mahafali, cha buluu, kizito, kinachoanguka vizuri. Kipo chini ya mto wangu. Nahitaji picha moja tu ya mlangoni.

Sasa salamu. Mimi mzima. Wewe je, goti linakusumbua bado?

Mama Nukta

2 Machi

Wifi,

Ukiandika barua kwa hasira unanikumbusha siku ile ulipomfukuza fundi bomba na mwiko. Tulia kwanza.

Hakuna jambo kubwa. Simu yangu iliingia kwenye beseni la nguo, nikaifua pamoja na mashati. Ilipotoka ilikuwa safi sana, ila haikuwaka. Nimepewa nyingine ya kuazima na hiyo haikumbuki maneno ya siri ya mtu. Nadhani mambo ya albamu yamejivuruga hapo. Mimi na mitandao unatujua, nikibonyeza huku kunafunguka kule.

Mtoto yuko salama. Anakula, anasoma, anabishana nami kuhusu kila kitu, hata rangi ya mbingu. Soksi zimefika na zimemkaa. Lile gauni la njano la mwaka jana analipenda mpaka leo.

Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio.

Wifi yako

25 Machi

Wifi,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekuwa mbali, sijawa mjinga.

Nimeipeleka simu kwa fundi hapa kona ya mtaa, kijana mtaratibu, hana maneno mengi. Ameiangalia akanirudishia. Akasema, "Mama, simu yako haina ubovu. Mwenye albamu amekutoa kwa mkono wake. Alikuwa na majina mawili anayoyaruhusu, sasa jina lako halipo." Nilimwomba aangalie tena. Akaangalia tena kwa heshima tu.

Simu iliyofuliwa na mashati haimtoi mtu kwa jina.

Basi nitasema, maana nikinyamaza nitapasuka. Kaka yako alipofariki nilikuachia mtoto kwa sababu nilikuamini kuliko ndugu zangu wa damu. Hukujaliwa wako, nikasema atakuwa wetu sote. Sasa naona umechoka kuwa wetu sote. Umesubiri nimalize kumlisha na kumvisha mpaka amekua, halafu umefunga mlango. Hongera. Umezaa bila kuugua uchungu.

Makaratasi yangu huku hayajakamilika na wewe unajua. Nikitoka sirudi, na nikirudi huko mikono mitupu tutakula nini. Kwa hiyo sina mguu wa kuja kukuuliza uso kwa uso. Ila Mungu anakuona.

Mama Nukta

19 Aprili

Wifi,

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, kisha nikakaa chini. Hilo la uchungu wa kuzaa sikulitegemea kutoka kwako. Liache hapo lilipo, sitalijibu.

Nilikuwa nimeamua kukuficha, lakini kuliko uniite mwizi wa watoto, bora ujue.

Unakumbuka Nukta alipopasuliwa tumbo mwaka jana. Nilimpiga picha wodini, kichwa kimenyolewa, mpira wa dripu mkononi, macho yamezama. Niliiweka kwenye albamu kwa sababu ulikuwa unalia kwenye simu kwamba tunakuficha maiti. Nilitaka uone kwamba anapumua. Picha ile ilikuwa ya kuonwa na mtu mmoja, wewe.

Mwezi wa kwanza picha ile ilitokea kwenye simu ya mzazi mmoja wa shuleni kwake. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba huyu ni yatima, hana baba wala mama, mama amefariki akimuuguza, anayeguswa achangie, na namba ya kutuma hela ambayo hakuna anayeijua. Imesambaa, wifi. Imefika kwa muuza mkaa, imefika kwa mwalimu mkuu. Mimi mwenyewe nilitumiwa na mtu ambaye tumekaa naye kwenye vikao vya mtaa. Aliniandikia, "Mtoto huyu anafanana na wenu, maskini."

Nikamwita jirani anayejua mambo haya. Akafungua mipangilio, akaniuliza nani ameiweka albamu kwenye "Yeyote mwenye linki anaweza kuona". Mimi sikuweka. Niliyempa uwezo wa kubadilisha ni mmoja tu, ili aweze kupanga picha anavyopenda. Sikusemi. Nauliza tu kama unakumbuka.

Ndiyo, nimekutoa. Lawama nibebeshe mimi.

Wifi yako

14 Mei

Wifi yangu,

Nakumbuka.

Kuna mama mmoja kazini, sisi tunamwita Mpiga Pasi, tunakaa meza zinazotazamana. Kila siku ananisimulia wajukuu. Siku moja nikasema nami nina wangu. Alitaka kuona magauni niliyomshonea. Nikamwonyesha kwenye simu yangu, akasema macho yake hayaoni vizuri kwenye kioo kidogo, nimtumie aangalie nyumbani kwenye simu ya mkwewe. Nilipojaribu kumtumia, simu ikaniuliza swali nisilolielewa, nikabonyeza la juu. La juu ndilo hilo. Nilifurahi likakubali haraka.

Nimemuuliza. Hakumpa mtu mbaya, anaapa. Alimpa dada yake aone gauni la njano. Dada yake akampa fundi wake wa nguo. Baada ya hapo linki ilikwenda kwa miguu yake yenyewe.

Nilikuwa najivuna, wifi. Huku hakuna mtu anayejua kwamba mimi ni mama wa mtu. Wananijua kwa namba ya meza. Nilitaka watu wawili watatu waone kwamba nina mtoto na anavaa vizuri.

Nimemrudia fundi simu, tumeandika malalamiko kwa wenye mtandao waliobandika tangazo lile. Wakajibu haraka, kwa adabu, kwamba nithibitishe mimi ni mzazi wa mtoto. Cheti cha kuzaliwa kiko kwako na jina langu humo ni la zamani, halifanani na la kitambulisho changu cha huku. Fundi akasema, basi mama tuma hata picha moja mko wawili. Nikaipekua simu yote. Picha za Nukta ninazo mpaka simu inalalamika imejaa. Za sisi wawili sina. Tangazo linasema mama amekufa, na mimi sina cha kuwaonyesha kwamba linadanganya. Tumefuta malalamiko.

Nilichokuandikia mwezi wa tatu nimekisema kwa mdomo mchafu. Nisamehe kama unaweza.

Sasa nakupigia magoti. Nirudishe peke yangu. Simu haitatoka mkononi mwangu, Mpiga Pasi sitamwonyesha hata kivuli. Kama hutaki kunirudisha, basi picha moja ya mlangoni ichapishe, itie kwenye bahasha. Gauni siwezi kulichelewesha tena, nitalikata kwa picha ya mwisho niliyoihifadhi, ya Desemba, niongeze kidogo kwa ajili ya kukua. Linafika huko mwanzoni mwa mwezi ujao. Niambie ukweli kama limemkaa.

Mama Nukta

20 Juni

Wifi,

Yaliyopita tumeyazika.

Gauni limefika. Limemkaa kama amemwagiwa! Buluu inampendeza sana, nilipomwona nilimkumbuka kaka. Una mkono, wifi, asikudanganye mtu.

Kuhusu albamu nakuomba uvumilivu. Ngoja shule ziishe, maneno yapoe. Picha ya bahasha nayo tuiache kidogo, posta yetu siku hizi inafungua hata kadi za harusi.

Usiniulize sana. Nakula vizuri, nalala vizuri, goti tu.

Wifi yako

8 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima. Anwani nimeitoa nyuma ya kifurushi. Shangazi hajui kwamba naandika, lakini nikimaliza nitamwambia, sipendi kumficha.

Ni mimi niliyekutoa kwenye albamu. Shangazi hakufanya kitu. Siku yangu ya kuzaliwa niliomba zawadi moja, kwamba albamu iwe yangu na neno la siri nilijue mimi tu. Akanipa. Nilitoa jina lako siku hiyohiyo. Alilia, akasema nikurudishe, nikakataa. Akasema basi mama yako akiuliza nitasema ni mimi, wewe bado mdogo, usibebe hilo. Nimesoma barua zako zote, anaziacha mezani anapolia. Uliyomwandikia kuhusu kuzaa, alikaa sakafuni mpaka maharage yakaungua. Usimwandikie vile tena.

Nataka ujue pia kuhusu nguo. Gauni la buluu halipiti mabegani. La njano pia halikupita. Lile la maua lilifunga nusu. Zile picha za mlangoni ulizokuwa unazisifia, mgongo wangu ulikuwa wazi kila mara, shangazi ameikamata nguo kwa pini na mimi nimeegemea mlango ili isionekane. Nilikuwa naambiwa nicheke haraka kabla pini hazijaachia. Nguo zote amepewa binti wa jirani, yeye ni mwembamba. Kosa si la mkono wako. Wezi walivunja mlango wa jikoni tukiwa ndani, miaka miwili iliyopita, na seremala alipourudisha akapandisha komeo juu karibu na bega la shangazi. Shangazi hakukuambia kuhusu wezi ili usipate wasiwasi. Kwa hiyo umekuwa unanipima kwa komeo ambalo halipo pale unapodhani lipo. Mimi ni mrefu, mama. Ni mrefu kuliko shangazi.

Sasa la tangazo. Walipoanza kulionyeshana darasani walinicheka kichwa kilichonyolewa. Baadaye walisoma maandishi, wakaacha kucheka. Mwalimu wa darasa alinikumbatia mbele ya wote, akasema pole, hatukujua. Walisimama kimya kwa ajili yako. Nilitaka kusema si kweli, mama yangu yupo, anashona. Nikafikiria watakachouliza. Yuko wapi, anarudi lini, mbona hajawahi kuja, ana sura gani. Nikasema asante.

Tangu siku hiyo hawaniulizi tena. Miaka yote walikuwa wananiuliza. Kwa hiyo hapa shuleni wewe umefariki. Ukija kwenye mahafali nitaonekana mwongo, na nitakuwa mwongo kweli.

Jambo la mwisho si la kukuumiza, nataka tu ulielewe. Kwenye albamu ile kuna mimi nikila, mimi nimelala, mimi naumwa, mimi na pengo la meno. Yako hakuna hata moja. Kila ukipiga simu unazima kamera, unasema mtandao mbovu. Wewe umeniona siku zote na mimi sijawahi kukuona. Nilikuwa nikichana nywele nafikiria kuna mtu huko ananiangalia na sijui anafanana na nani. Ulipompa linki yule mama wa pasi ukawa si wewe peke yako. Sasa sijui ni nani na nani. Nikipita mtaani mtu akinitazama sana najiuliza kama ameniona nikiwa kitandani na mpira mkononi. Nimechoka kutazamwa.

Zile picha ulizohifadhi kwenye simu yako, naomba uzifute. Zote, hata za utotoni.

Nukta (hapa hakuna anayeniita hivyo tena)

3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Nimefuta. Nilimpelekea fundi simu nikidhani nitashindwa, akanionyesha pa kubonyeza, halafu akatoka nje ya kibanda akajifanya anafagia. Simu iliuliza kama nina hakika. Safari hii nilisoma swali mpaka mwisho. Kisha ikauliza kama nataka na zile zilizo kwenye takataka zifutwe kabisa, nikakubali hizo pia. Sasa simu imekuwa nyepesi, haisemi tena kwamba imejaa.

Kamera nilikuwa naizima kwa sababu nimeisha, mwanangu. Meno ya mbele hayapo, nywele zimepungua kwa mvuke wa mashine. Nilitaka unikumbuke nilivyokuwa siku naondoka. Sikuwahi kujiuliza kama unaikumbuka siku hiyo. Ulikuwa umelala. Nilisema nisikuamshe.

Baada ya barua yako nilijipiga picha moja pale dirishani. Nikaitia kwenye bahasha, nikaitoa. Marehemu hatumi picha. Ukiitaka siku yoyote utaniambia, na usipoitaka usiseme kitu, nitaelewa.

Shuleni acha mambo yawe hivyohivyo. Sitakuja kwenye mahafali, na hata makaratasi yakikamilika kesho, sitakuja bila wewe kuniita. Kama walisimama kimya kwa ajili yangu, waambie nashukuru. Hapana, usiwaambie.

Gauni la buluu mwachieni binti wa jirani. Nimetafuta kitambaa kilekile, nikakipata. Nakituma hakijakatwa. Ndani nimeweka uzi, zipu na vifungo. Sitatia mkasi. Tafuteni fundi wa hapo, asimame karibu yako, akupime kwa futi yake kuanzia begani. Mwambie tu kitambaa hiki kikifuliwa kinapungua kidogo, kwa hiyo akiloweke kwanza.

Shangazi yako mwambie nampenda. Mimi sijui nianzie wapi.

Mama

24 Novemba

Wifi,

Kitambaa kilifika salama. Kilikaa juu ya kabati muda mrefu, nikadhani atakigawa nacho. Wiki ya mwisho akakishusha mwenyewe, akakiloweka, akaenda kwa fundi peke yake. Sikuambiwa nimsindikize.

Mahafali yamepita. Alivaa. Mpiga picha wa shule alipofika kwenye mstari wao, aliomba ruhusa akatoka, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa choo mpaka walipomaliza. Kwenye picha ya darasa hayupo. Hata mimi sikupiga, simu niliiacha nyumbani, ndivyo alivyotaka.

Ulipomwandikia kwamba shuleni mambo yawe hivyohivyo, nilidhani itakuwa kwa muda. Nimemuuliza jana kama atakurudisha. Akaniambia albamu haipo tena, ameifuta yote, hata picha zile alizopigwa akiwa mgongoni kwako. Zilikuwepo, wifi. Mbili. Kaka ndiye aliyepiga, nilizihifadhi mwanzoni kabisa kabla hatujakuongeza, na sisi sote tulisahau kwamba zipo chini kule. Yeye hakushuka mpaka chini, alibonyeza mara moja zikaondoka zote. Nilipomwambia, akaniuliza ulikuwa umevaa nini. Nikasema khanga nyekundu. Akaingia chumbani kwake.

Ningependa kukueleza alivyopendeza siku ile. Nilimuuliza kama naweza kukuandikia hilo tu. Akasema hapana.

Kwa hiyo sikuelezi. Goti ni lilelile. Nakusalimu sana.

Wifi yako